Bei ya Haki ya Chombo Kilichotumika

Katika mialo ya Ziwa Viktoria, na katika bandari ndogo ndogo za pwani yetu kutoka Tanga hadi Mtwara, hapakosi chombo kilichopandishwa mchangani, mashine yake imetolewa, na mwenyewe anawaambia wapitao ya kuwa anakiuza. Pengine amezeeka, na mikono yake haiwezi tena nyavu. Pengine ataka kununua kikubwa zaidi. Pengine ada ya shule yamkabili. Pengine mwenyewe ameitwa na Mungu, na wanaokiuza ni mjane na watoto. Vyovyote iwavyo, mtu wa kwanza atakayesimama mbele ya chombo kile atauliza neno moja tu: “Bei gani?”

Swali hili ni fupi, lakini jibu lake ni kazi ya dhamiri. Auzaye mkate hana mashaka makubwa, maana bei ya mkate yajulikana kwa wote, na apunjwaye leo kesho atakwenda duka jingine. Bei ya chombo kikuukuu haikubandikwa popote. Hakuna mashua mbili zilizozeeka sawasawa. Tena mwenye chombo peke yake ndiye ajuaye kilivuja lini, kiligonga mwamba gani, na ubao upi ulitiwa mwaka jana. Mnunuzi aona rangi tu. Kwa hiyo atajaye bei ndiye pia ashikaye mizani, na tangu zamani ashikaye mizani peke yake huonywa kuliko wenzake.

Twapenda leo kulichunguza jambo hili pamoja na wasomaji wetu, hata wale wakaao mbali na maji. Maana lililo kweli kwa mashua ni kweli pia kwa baiskeli, kwa cherehani, na kwa ng’ombe wa maziwa auzwaye mnadani.

Wako wasemao: “Bei ya haki ni ile waliyopatana wawili. Biashara haigombi.” Neno hili lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Pasipo mapatano hapana mauzo. Lakini mapatano hayana nguvu ya kuugeuza udanganyifu kuwa haki. Kipofu akikubali kushikwa mkono na mtu ampelekaye shimoni, kukubali kwake hakumwondolei yule mwingine hatia. Sheria ya Warumi wa kale iliwaacha watu washindane kwa bei, lakini hata yenyewe ilimruhusu mtu aliyeuza shamba kwa chini ya nusu ya thamani yake aombe mauzo yavunjwe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, aliijua sheria ile, akaeleza ya kuwa sheria za nchi haziwezi kukataza kila kosa. Zatosheka kuzuia yale yavunjayo maisha ya watu pamoja. Sheria ya Mungu yadai zaidi: yataka usawa kati ya kitu kinachotolewa na fedha inayopokewa.

Lakini mwalimu huyo aliongeza neno la busara, nalo ni faraja kwa watu wenye dhamiri nyepesi ya kuhangaika. Bei ya haki, asema, si nukta moja isiyosogea. Ni makadirio, ukizidisha kidogo au ukipunguza kidogo, usawa haujavunjika. Basi mwenye chombo asikose usingizi kwa ajili ya shilingi elfu kumi. Linalompasa ni kwamba makadirio yake yawe makadirio kweli, wala si tamaa iliyovikwa jina la makadirio.

Je, mtu akadirie namna gani? Hatuna budi kuuliza kwanza: katika chombo kilichotumika, ni kitu gani hasa kinachouzwa? Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chatupa mwanga. Waisraeli walipouziana mashamba, shamba lilimrudia mwenyewe katika mwaka wa Yubilei, yaani mwaka wa 50. Kwa hiyo waliamriwa wahesabu miaka iliyobaki mpaka mwaka ule: ikiwa mingi, bei ipande, ikiwa michache, bei ishuke, kwa sababu kilichouzwa kilikuwa hesabu ya mavuno, si udongo wenyewe. Chombo nacho ni vivyo hivyo. Anunuaye mashua hanunui mbao. Anunua misimu iliyobaki ndani ya mbao zile.

Kuihesabu misimu hiyo si kazi ya uganga. Fundi ajuaye kazi yake hutwaa ncha ya kisu, akachoma mbao karibu na mkuku na chini ya mataruma, pale maji yatuamapo. Ubao mzima hukikataa kisu. Ubao uliooza hukipokea. Kisha huitazama misumari kama imeliwa na kutu, huikagua kalafati kama imelegea, hukisogeza chombo chote kwa bega apate kusikia kama viungo vyalia. Akimaliza, aweza kusema bila kiapo: “Hiki kina miaka minne,” au, “Hiki kina miwili, na mwaka wa pili utakuwa wa kufuta maji.”

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kuunda mashua kama ile leo, mbao, misumari na ujira wa fundi pamoja, kwagharimu shilingi 6,000,000, na ya kuwa mashua ya namna ile hudumu miaka 10. Kila mwaka wa maisha yake, basi, ni shilingi 600,000. Imetumika miaka 6, imebaki 4: hiyo ni 2,400,000. Mbao mbili zahitaji kubadilishwa na chombo chote kukalafatiwa upya, kwa shilingi 300,000. Yabaki 2,100,000. Sasa mwenyewe na aulize mwaloni: mashua za namna hii ziliuzwa kwa kiasi gani msimu huu? Akisikia ya kuwa moja ilikwenda kwa 1,900,000 na nyingine kwa 2,300,000, ajue ya kuwa hesabu yake haikupotea njia. Mashine na ihesabiwe mbali, maana umri wake si umri wa mbao. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Mtu aliyeandika siku za matengenezo ya mashine yake ana haki ya kuomba zaidi kidogo, kwa kuwa pamoja na chuma anauza pia habari ya kweli.

Hiyo ndiyo mizani. Lakini moyo wa mtu una mizani zake nyingine, nazo hupenda kuingia bila kuitwa.

Mizani ya kwanza ni fedha niliyotoa mimi. “Nilikinunua kwa milioni tano, nitakiuzaje kwa mbili?” Ndugu, zile tatu hazikupotea. Zilirudi kwako asubuhi baada ya asubuhi, zikiwa samaki. Ukimdai mnunuzi tena, wataka alipe misimu uliyokwisha kuila wewe. Mizani ya pili ni mapenzi. Chombo hiki kilitulea. Ndicho kilichosomesha watoto. Jina lake liliandikwa na marehemu baba. Haya yote ni kweli na yana heshima yake, lakini mnunuzi hawezi kuvua samaki kwa kumbukumbu zetu. Walakini Mtakatifu Tomaso afundisha jambo la kuangaliwa hapa: ikiwa kuachana na kitu kwamletea mwenyewe hasara ya kweli, aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Mvuvi aombwaye auze chombo chake katikati ya msimu mzuri, naye hakuwa amekusudia kuuza, atapoteza mapato ya majuma mengi hata apate kingine. Hiyo ni hasara yake halisi, na kuidai si wizi.

Mizani ya tatu ndiyo ya hatari, nayo ni shida ya mwenzangu. Hapa twaomba wasomaji wasimame kidogo, maana ndipo watu wema wengi hujikwaa.

Twajua ya kuwa bei hupanda na kushuka. Upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, uvuvi ulifungwa kutoka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi kama ile chombo hakileti kitu, na si ajabu kama wanunuzi wanakuwa wachache na bei yashuka kwa wote. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Hali ya mahali pote imebadilika, na bei yafuata hali. Lakini tuseme mvuvi mmoja mtoto wake amelazwa hospitali, naye akaja usiku kwa jirani yake akisema, “Kaka, nipe chochote, ukichukue chombo.” Chombo ni kile kile cha jana. Misimu yake ni ile ile. Wavuvi wengine hawakushusha bei. Kilichobadilika ni machozi ya mtu mmoja tu. Jirani akitoa nusu ya bei, ile nusu nyingine ameitoa wapi? Ameitoa katika kitanda cha mgonjwa.

Basi twaweza kuiweka kanuni hivi: shida ya wote hubadili bei, shida ya mmoja haiibadili. Na kanuni hii yashika pande zote mbili. Mnunuzi aliyevunjikiwa na chombo, mwenye watu sita wa kulisha na msimu umefika, ana haja kubwa kuliko wengine. Asitozwe zaidi kwa sababu hiyo. Haja ile ni yake; muuzaji hakuiumba wala hakuileta mwaloni, hawezi basi kuiuza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaihesabu tabia ya kupandisha bei kwa kutumia ujinga au dhiki ya mwingine miongoni mwa makosa yavunjayo amri ya saba.

Sasa tuje kwenye kasoro. Desturi ya wengi ni kukipaka chombo rangi mpya kabla ya kukiuza. Rangi si dhambi. Mtu hunawa uso kabla ya kwenda kwa wageni. Lakini iko rangi ipambayo na iko rangi ifichayo. Mtakatifu Tomaso apambanua kasoro zionekanazo na kasoro zilizofichika. Farasi mwenye jicho moja, asema, kila mtu amwona; mwenyewe halazimiki kumtangaza, ilimradi apunguze bei inavyostahili. Vivyo hivyo mashua yenye ukingo uliovunjika. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Na hapa wengi hujidanganya wakisema, “Mbona nimempunguzia?” Kupunguza bei huponya hasara, hakuponyi hatari. Mkuku uliooza chini ya rangi hautazuia maji kwa sababu ulinunuliwa rahisi. Baba atakayewapakia wanawe humo alfajiri hajui ya kuwa yampasa kuogopa, na asiyejua hawezi kujikinga. Auzaye chombo cha namna hiyo kimya kimya hakuuza mbao mbovu tu. Amecheza kamari kwa roho za watu wengine.

Tena uzima wa chombo haupimwi peke yake, wapimwa pamoja na maji kiendako. Meli ya abiria iitwayo Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika Puget Sound, penye maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama katika bahari chafu karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapoteza maisha. Hatukitaji kisa hiki ili kumlaumu mtu; hukumu si kazi ya ukurasa huu. Twakitaja kwa sababu chafundisha ya kuwa muuzaji mwema haulizi tu, “Una fedha?” Auliza pia, “Wakipeleka wapi?” Mtumbwi ufaao kuvuka mto waweza kuwa jeneza katika ziwa kuu. Ikiwa wajua ya kuwa chombo chako hakitaweza kazi anayoikusudia mnunuzi, neno lako ni sehemu ya bidhaa, nawe huna ruhusa ya kubaki nalo.

Lakini, mtu atauliza, je, bei ya kutaja yenyewe si uongo? Nataja 2,400,000, na moyoni nipo tayari kupokea 2,100,000. Nimesema uongo? Twajibu: la. Kwetu kila mtu ajua ya kuwa bei ya kwanza ni mlango wa mazungumzo. Anayeitaja hasemi, “Hii ndiyo thamani”, asema, “Tuanzie hapa.” Wote wawili waifahamu lugha hiyo, na pasipo kudanganywa mtu hapana uongo. Lakini mambo mawili yaweza kuugeuza mlango huu kuwa mtego. Kwanza, anapokuja mtu asiyeijua desturi, mgeni au kijana, akaidhani bei ya kwanza kuwa ya mwisho na kuanza kuhesabu fedha yote. Hapo mwenye haki humzuia mkono na kumwambia, “Mwanangu, hapo tunapatana.” Pili, anapoitegemeza bei yake kwa maneno ya uongo: “Jana nilipewa milioni tatu nikakataa,” na jana hakuja mtu. Hayo si mazungumzo tena. Ni ushuhuda wa uongo, ingawa hakimu hayupo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na bei ihitajiyo shahidi wa uongo yajishitaki yenyewe.

Hatujamaliza mpaka tumemtazama mnunuzi, kwa sababu mahubiri mengi juu ya haki humwacha huyu apite bure. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, chamchora vizuri: akiwa mbele ya bidhaa huilaumu, na akiisha kwenda zake hujisifu. Nani kati yetu hamjui? Tumfikirie mjane aliyeachiwa mashua nzima ya mvule. Hajui bei, maana mambo ya mwaloni yalikuwa ya mumewe. Aja rafiki wa marehemu, agongagonga mbao, atikisa kichwa. “Shemeji,” asema, “chombo hiki kimechoka. Nakuonea huruma tu. Nitakupa laki sita.” Naye alikwisha kukichoma kisu, akajua kina miaka mitano. Mjane amshukuru. Twasema wazi: shukrani ile ni mashitaka. Mtu huyu amewaibia yatima kwa mkono wa kulia huku akiwabariki kwa mkono wa kushoto. Wajibu wa kusema ukweli ni wa yule ajuaye, si wa muuzaji peke yake. Katika duka kubwa muuzaji ndiye ajuaye; mbele ya mjane huyu, ajuaye ni mnunuzi.

Na aliyekwisha kukosa je? Mtakatifu Tomaso hakuishia katika kulaumu. Muuzaji aliyeuza kasoro bila kuijua hakutenda dhambi; lakini akija kuijua baadaye, yampasa kumfidia mnunuzi. Vivyo hivyo mnunuzi aliyeuziwa kitu cha thamani kwa bei ya kitu hafifu, kwa sababu muuzaji hakujua alichokuwa nacho, apaswa kurudisha kilichozidi. Twajua ya kuwa fundisho hili ni gumu. Fedha imekwisha kuliwa, bati limekwisha kuezekwa. Lakini kuungama dhambi na kubaki na mali ya mwingine ni kuomba msamaha huku mkono umefumbwa. Asiyeweza kurudisha yote leo na arudishe kidogo kidogo, kama vile alivyokuwa tayari kulipa deni la dukani.

Basi tumpe mwenye chombo kipimo kimoja ambacho hakihitaji kalamu. Bei ya haki ni ile uwezayo kuitaja ukiisha kusema kila unalolijua juu ya chombo chako. Ikiwa bei yako yahitaji neno fulani lisisemwe, si bei. Ni ukimya unaouzwa kwa jina la mashua. Sema ukweli wote kwanza, kisha taja fedha. Utaona ya kuwa namba yenyewe yajirekebisha mdomoni kabla haijatoka. Naye mnunuzi na ajipime hivi: je, ningefurahi kulipa kiasi hiki kama mwenye kuuza angekijua chombo hiki kama nikijuavyo mimi?

Wazazi hasa twawaomba waliangalie jambo hili. Watoto husimama karibu mauzo yanapofanyika. Wanamsikia baba akisema, “Hakijawahi kuvuja,” na wao wenyewe ndio waliokuwa wakifuta maji. Hawatauliza kitu. Lakini siku ile watajifunza kama amri za Mungu zafika mpaka ufukweni, au kama zaishia mlangoni mwa kanisa. Wakimsikia badala yake akisema, “Hapa chini pana ubao mbovu, njoo uuone, ndiyo maana nimepunguza laki na nusu,” watakuwa wamepata urithi upitao thamani ya chombo chenyewe.

Wahenga walituachia neno, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Kila chombo kinachoelea kilitoka katika mikono ya fundi aliyekaza kila msumari, hata ule usioonekana, akijua ya kuwa watu wataweka maisha yao juu yake. Auzaye chombo kilichotumika akabidhi kwa mwingine kazi ya fundi yule. Naye na aikabidhi kwa uaminifu ule ule, mbao na ukweli wake pamoja, ili anunuaye asukume chombo majini asubuhi akijua ni kitu gani kimebeba wanawe.